Mwigizaji asiyengoja kupewa maneno

Ndugu wasikilizaji, juma hili tuzungumze juu ya kazi ya Mtanzania mmoja, Profesa Amandina Lihamba, mwigizaji wa jukwaani na wa sinema ambaye pia ni mwandishi wa tamthilia na mwalimu wa sanaa. Nimemchagua yeye kwa sababu kazi aliyoifanya inajibu swali linaloulizwa katika nyumba nyingi za kwetu, kuanzia hapa Babati mjini hadi Magugu, Galapo na Dareda. Swali lenyewe ni hili: binti akisema anataka kuwa mwigizaji, mzazi amjibu nini?

Jibu la haraka twalijua sote. Baba hukohoa, mama huangalia pembeni, na shangazi husema wazi kwamba huo ni uhuni. Binti hunyamaza, na mazungumzo huishia hapo. Mimi sisemi kwamba wazazi hao hawampendi mtoto wao. Nasema tu kwamba kabla ya kulifunga jambo ni vizuri kulitazama lilikotoka.

Kwanza tuelewe kwamba hofu ya kumwona mwanamke jukwaani haikuanzia kwetu. Uingereza, nchi iliyotupa Shakespeare, haikumruhusu mwanamke kuigiza katika majumba ya maonyesho ya wazi mpaka mwaka 1660. Wavulana ndio waliovishwa magauni wakaigiza wanawake. Wengi wenu mnakifahamu kitabu cha Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotolewa mwaka 1969. Humo yumo Portia, mwanamke mwenye akili kali, anayejigeuza mwanasheria wa kiume ili aokoe roho ya mtu mahakamani. Basi fikirini siku za Shakespeare mwenyewe: mvulana anaigiza mwanamke anayejifanya mwanamume! Akili zote zilizoujaza mchezo ule zilikuwa za mwanamke, lakini mwanamke halisi alikatazwa kupanda jukwaani.

Kwetu pia mlango haukufunguka kwa urahisi. Siti binti Saad wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1880 na kufariki mwaka 1950, aliimba mpaka sauti yake ikavuka bahari, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi nyimbo kwenye santuri. Habari za maisha yake tunazisoma katika kitabu cha Shaaban Robert. Shaaban Robert alitufanyia kazi njema, na tumshukuru. Hata hivyo, angalieni jambo moja. Sauti ilikuwa ya mwanamke, lakini kalamu iliyotuhifadhia maisha yake ilikuwa ya mwanamume. Ilibidi tungoje bado mpaka sauti na kalamu zikutane katika mkono mmoja.

Tukija kwenye sinema, historia yake katika nchi hii ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza waliweka kituo cha kutengeneza filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Filamu zilipigwa pale, kisha zikapakiwa kwenye gari na kuzungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Zilifundisha kilimo, afya, hata kuweka akiba posta. Waafrika waliigiza, lakini wenye kuamua nini kisemwe walikuwa wengine.

Mwaka 1952 ikaja filamu ya Muhogo Mchungu. Je, mnajua nani alikuwa mwigizaji wake mkuu? Ni Rashidi Mfaume Kawawa, yuleyule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962 na tena tangu 1972 hadi 1977. Sijapata kusikia mtu yeyote akisema kwamba Mzee Kawawa alikuwa mhuni kwa sababu aliigiza sinema. Kinyume chake, tunalitaja jambo hilo kwa fahari. Basi kama uigizaji haukumharibu kijana wa kiume aliyekuja kushika serikali, kwa nini tuamini kwamba lazima umharibu binti?

Sasa tumtazame Lihamba. Alizaliwa mwaka 1944, kwa hiyo bendera ya Uhuru ilipopandishwa Desemba 1961 alikuwa msichana wa umri wa shule ya sekondari. Kizazi chake kilikua pamoja na nchi. Mwaka 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na mwaka huohuo mafunzo ya sanaa za maonyesho yakaanza pale Mlimani, Dar es Salaam. Kilikuwa kipindi ambacho kila mtu aliulizwa: kazi yako inalisaidiaje taifa? Mkulima aliulizwa, mwalimu aliulizwa, na msanii naye hakusamehewa. Washairi walitunga ngonjera za kusifu siasa mpya, na watoto wa shule wakazikariri.

Hapo ndipo lilipojitokeza tatizo ambalo Lihamba alilishughulikia katika kazi yake ya uandishi na utafiti. Msanii akiitikia tu kila linalosemwa na wakubwa, amekuwa kipaza sauti. Akikataa kushiriki, amejitenga na wananchi wenzake. Njia ya katikati ni kuwatazama wananchi wenyewe, kuona wanavyoishi, kisha kulisema jambo hilo jukwaani bila woga na bila matusi. Lihamba aliliona swali hili kuwa zito kiasi cha kuliandikia tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, aliyoimaliza mwaka 1985. Ilihusu siasa na maigizo nchini Tanzania tangu Azimio la Arusha hadi mwaka 1984.

Kabla ya hapo alikwisha kuandika. Mwaka 1980 ilitolewa tamthilia yake ya Hawala ya Fedha, ambayo aliijenga juu ya hadithi ya Sembene Ousmane wa Senegal. Hadithi yenyewe ya Sembene ni rahisi kuisimulia. Mzee mmoja wa Dakar, Ibrahima Dieng, anatumiwa hawala ya faranga 25,000 na mpwa wake aliyeko Paris. Fungu lake mwenyewe ni faranga 2,000 tu, zilizobaki ni amana. Anakwenda posta, anaambiwa alete kitambulisho. Anakwenda kutafuta kitambulisho, anaambiwa alete cheti cha kuzaliwa. Huku majirani wamekwisha kusikia kwamba mzee kapata fedha, na kila mmoja anakuja na shida yake. Madeni yanaongezeka, ofisi zinamzungusha, na mwisho anayejifanya kumsaidia ndiye anayemwibia.

Ndugu wasikilizaji, hadithi hiyo ilitoka Dakar katika miaka ya 1960, lakini ni nani hapa Babati asiyeielewa? Waliopanga foleni mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020 kutafuta namba ya kitambulisho cha taifa ili laini zao za simu zisifungwe wanaielewa vizuri sana. Mzee aliyelima ardhi yake miaka yote, akaambiwa athibitishe kwamba ni yeye, anaielewa zaidi. Hapo ndipo tunapoona akili ya mwandishi aliyejua kuchagua. Lihamba hakwenda Ulaya kutafuta kisa cha wafalme. Alichukua kisa cha mtu mdogo wa Afrika Magharibi akakileta katika Kiswahili, kwa sababu aliona kwamba mtu huyo tunaye pia.

Mwaka 1982 ikatoka tamthilia ya Harakati za Ukombozi, ambayo aliiandika pamoja na akina mama wenzake wawili, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Hao nao hawakuwa wanyonge wa kalamu. Balisidya ndiye mwandishi wa riwaya ya Shida, na Muhando ndiye aliyetupa Hatia, Heshima Yangu na Nguzo Mama. Wanawake watatu kukaa meza moja na kuandika historia ya ukombozi wa nchi ni jambo ambalo Siti binti Saad hakulipata. Kisha mwaka 1992, mwaka uleule ambao nchi yetu ilirudi katika mfumo wa vyama vingi, Lihamba akatoa tamthilia ya Mkutano wa Pili wa Ndege. Msimuliaji wa kwetu amewapa wanyama na ndege ruhusa ya kusema yale ambayo binadamu wanaogopa tangu zamani, na mwandishi wa leo bado anaihitaji ruhusa hiyo.

Lakini tusidhani kwamba kazi yote ilifanyika Dar es Salaam, mbele ya wasomi. Mwaka 1982 na 1983 Lihamba, Muhando na wenzao kutoka Chuo Kikuu walikwenda katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa tayari. Walikaa na wanakijiji, wakauliza, wakasikiliza, wakajua yanayowasumbua. Kisha wanakijiji wenyewe wakaingia katika maigizo kwa kutumia ngoma na usemi wa kwao, na baada ya kuonyesha, watu wote walibaki kujadili nini kifanyike. Njia hii ikaja kuitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo, na ikatumika baadaye katika vijiji vingine.

Naomba tulitazame jambo hili kwa macho ya Babati. Mara nyingi husemwa kwamba miji yetu ya bara haina sanaa za maonyesho kwa kuwa haina majumba ya maonyesho. La hasha! Wazee wa Kiiraqw wana slufay yao, ambamo mmoja hutamka na wengine huitikia, na maneno huombea nchi, mvua, watoto na mifugo. Wagorowa, Wambugwe, Warangi na Wabarbaig nao wana ngoma zao na namna zao za kusimulia. Bibi akisema "Paukwa", nyumba nzima hujibu "Pakawa", na jukwaa limekwisha kusimama bila msumari hata mmoja. Si bure kwamba kikundi cha maigizo ambacho Lihamba na wenzake walikuwa nacho katika miaka ya 1980 kilijiita Paukwa.

Mwaka 1985, mwaka uleule aliopata udaktari wake, Lihamba alionekana katika filamu ya Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill. Filamu hiyo inamhusu mwanamke mgonjwa ambaye dawa za hospitali hazimfai, naye anaogopa waganga wa jadi kwa sababu ya jambo lililompata utotoni. Si filamu ya kutangaza uganga wala ya kuutukana. Inauliza namna mtu anavyoweza kupona kabla hajaikabili hofu yake.

Filamu iliyomfikisha mbali zaidi ni Maangamizi, iliyotoka mwaka 2001 chini ya uongozi wa Martin Mhando na Ron Mulvihill. Daktari Mmarekani mweusi, Asira, anakuja kufanya kazi katika hospitali ya magonjwa ya akili hapa Tanzania. Huko anamkuta mgonjwa aitwaye Samehe, ambaye kwa miaka mingi hajatamka neno. Samehe huyo ndiye Lihamba. Pamoja nao yumo Bi Mwanajuma Ali Hassan, aliyeigiza Maangamizi, mzimu wa kale. Tanzania iliipeleka filamu hiyo kushindania tuzo za Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni, ikiwa ni mara ya kwanza nchi yetu kupeleka filamu huko. Haikuingia katika zile tano za mwisho, lakini njia ilikwisha kufunguliwa. Ikapita miaka 21 kabla ya nchi yetu kupeleka nyingine, nayo ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, mwaka 2022.

Hebu tulifikirie hilo. Mwanamke ambaye maisha yake yote ameshughulika na maneno, kuyaandika, kuyafundisha na kuyasema jukwaani, anapewa nafasi ya mtu asiyesema. Mwigizaji asiyejua kazi angejiona ameonewa. Anayeijua huona kwamba uso, mabega, mikono na hata pumzi vina maneno yake. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Samehe hakunyamaza kwa sababu hana la kusema. Alinyamaza kwa sababu alilonalo ni zito kuliko masikio ya waliomzunguka.

Ndugu wasikilizaji, akina Samehe si wa kwenye sinema tu. Wamo madarasani mwetu. Yumo msichana anayejua kwa nini mwenzake aliacha shule lakini haambiwi aseme. Yumo anayetembea mwendo mrefu kutoka nyumbani, na njiani yako mambo yanayomtisha. Yumo anayejua kwamba mahari yake imekwisha kuzungumzwa kabla hajafanya mtihani. Hao wote wanaitwa watoto wenye adabu kwa sababu wamenyamaza.

Hapo ndipo tunapoona kazi ya tatu ya Lihamba, ambayo pengine itadumu kuliko zote. Mwaka 1996 yeye na Penina Muhando, ambaye wengi wanamjua pia kama Profesa Mlama, pamoja na wenzao wa Idara ya Sanaa pale Mlimani, walianzisha mpango wa Tuseme katika shule za sekondari. Jina linajieleza. Wasichana wanafundishwa kuyachunguza matatizo yanayowazuia kusoma, kuyageuza kuwa maigizo, nyimbo na ngonjera, kisha kuyaonyesha mbele ya walimu na wazazi. Baadaye shirika la FAWE, linaloshughulikia elimu ya wasichana Afrika, liliuchukua mpango huo na kuupeleka katika nchi nyingine.

Kwa nini maigizo, na si barua au mkutano? Kwa sababu msichana akisimama mbele ya mkuu wa shule na kusema "mwalimu fulani ananisumbua", amejiweka hatarini. Akiigiza kisa cha msichana anayesumbuliwa, shule nzima imeona, aliyekusudiwa amejijua, na hakuna jina lililotajwa. Wazee wetu walijua hila hiyo walipomtumia sungura na fisi. Siwezi kusema kwamba maigizo peke yake hubadili sheria. Lakini Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurudi shuleni, jambo hilo lilikuwa limekwisha kusemwa kwa miaka mingi, na sehemu ya waliolisema ni wasichana wenyewe.

Sasa turudi kwa mzazi wetu. Hofu yake nyingine ni ya haki na tusiifiche. Anauliza: mwanangu atakula nini? Ni kweli kwamba wasanii wengi wa nchi hii wamechuma umaarufu bila kuchuma mkate. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuja ili mwenye kazi apate haki yake, lakini tangu hapo kanda, sidii na sasa simu zimeendelea kusambaza kazi za watu bila senti kumrudia mwenyewe. Anayemwambia mtoto kwamba uigizaji ni njia fupi ya utajiri anamdanganya.

Mfano wa Lihamba unatupa jawabu hapo pia. Hakuchagua kati ya shule na jukwaa. Alisoma mpaka akawa profesa, na usomi wake ulikuwa juu ya jukwaa lenyewe. Hakutegemea uso wake tu, kwa maana uso huzeeka na wenye filamu hutafuta mwingine. Alishika kalamu. Mwigizaji asiyeandika hungoja aandikiwe, na mara nyingi mwanamke huandikiwa nafasi zilezile: mke anayelia, hawara anayevunja ndoa, mama mkwe mkorofi. Tazameni filamu nyingi za video zilizoijaza nchi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtaziona nafasi hizo tatu zikizunguka kama ng'ombe wa kukanyaga nafaka. Mwenye kalamu hawezi kufungiwa humo. Nafasi isipokuwapo, ataiandika.

Kwa hiyo, binti akisema anataka kuwa mwigizaji, nashauri mzazi asimfukuze wala asimsifu haraka. Amwulize: umesoma tamthilia gani? Umeandika nini? Shuleni kwenu kuna kikundi, na kama hakipo, umeomba kianzishwe? Binti mwenye jibu la maswali hayo si mhuni. Ni mtu mwenye kazi anayoitaka, na kazi hiyo inahitaji nidhamu kama ya jeshi.

Na walimu wetu wa Babati nao wana sehemu yao. Vitabu vya tamthilia vya miaka ya 1980 si rahisi kuvipata madukani, na nakala zilizomo katika maktaba za shule zinaliwa na mchwa. Zitafuteni, zifungueni, ziwekeni mikononi mwa vijana. Siku ya wazazi ikifika, badala ya kuwaandalia wageni wimbo wa kuwasifu, waacheni wanafunzi waonyeshe kisa kimoja cha kweli cha hapa kwetu, kisha wageni wakae na kujibu. Huenda mgeni rasmi atakosa raha kwa nusu saa. Hasara hiyo ni ndogo kuliko ya binti anayebaki kimya miaka ishirini.

Kwa leo tukomee hapo. Hadi juma lijalo, kwaherini.